Baraza ya Bi Kiza: Mkanda wa Baharia na Harusi Isiyo na Simu

Toleo lililopita nilidokeza, tena kwa mistari mitatu tu, kwamba nimeitoa sandukuni kamera yangu ya mkanda, yaani ya filamu, na kwenda nayo ufuoni Mama Ngina, hapa Mombasa, kupiga picha mibuyu. Nilidhani mtanicheka. Badala yake barua zimenijia nyingi hata mhariri akaniuliza kama nimefungua studio tena. Basi mwezi huu ugomvi wa majirani na siri za pilau tuuweke kando, tuseme kamera.

Kwa wasionijua: baba yangu alikuwa na studio ndogo Kibokoni, nami nimekulia ndani ya chumba chake cha giza. Nilipokuwa na miaka 14 nilifungua mlango wa chumba kile kwa pupa, na mkanda wa harusi ya watu ulikuwa bado haujaingia kwenye tangi la kusafishia, yaani la kuotesha picha kwa dawa. Harusi nzima ikaungua kwa taa ya ukumbini. Tangu siku ile baba kila akiniona nimeshika kitasa alisema, "Kiza kwanza!" Jina likanata.

*

"Shikamoo Bi Kiza. Babu yangu alikuwa baharia, amefariki mwaka jana. Katika vitu vyake nimekuta kamera ya Olympus Trip 35. Haina mahali pa kutia betri, nadhani imeng'olewa kitu. Kihesabio chaonesha 19. Nikibonyeza haifyatuki, na ndani ya kile kioo cha kuchungulia hutokea kitu chekundu. Je, ni mbovu? Niifungue nione?" — Mjukuu wa Baharia, Kisauni

Marahaba mjukuu wangu, na Mungu amlaze babu mahali pema. Usiifungue! Hilo ndilo jibu la kwanza, mengine yaweza kungoja.

Kihesabio cha kamera hiyo hurudi mwanzo kila mgongo wake ukifunguliwa. Kama chasoma 19, basi babu yako alipiga picha zipatazo kumi na nane, kisha akaiweka. Kuhakikisha, inua kile kimkono kidogo cha upande wa kushoto juu, kizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka bure, hamna kitu ndani. Kikikaza, acha hapo hapo. Mkanda wa babu umo.

Sasa wataka kujua, uumalize au uutoe? Mimi nasema utoe. Mkanda uliokaa miaka chini ya mabati ya Kisauni umekwisha nguvu, na picha zako mpya zitatoka kama zimepigwa ndani ya moshi. Chini ya kamera kuna kitufe kidogo. Kibonyeze, kisha zungusha kimkono kile mpaka usikie ukinzani umeachia ghafla, uongeze mizunguko miwili, ndipo ufungue. Soma kopo lenyewe. Likiandikwa C-41, ni mkanda wa rangi wa kawaida. Likiwa la nyeusi na nyeupe, bahati yako, hiyo ndiyo mikanda inayovumilia uzee kuliko yote. Likiwa Kodachrome, rangi zake haziwezi kupatikana tena: Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 2009, na mwisho wa 2010 maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, kule Kansas, Marekani, ikaacha kuipokea. Hiyo yaweza kusafishwa kama nyeusi na nyeupe tu, kwa fundi anayeijua kazi. Vyovyote iwavyo, litie kopo ndani ya kichupa chenye kifuniko uliweke kwenye friji mpaka upate fundi, na uwaambie wa nyumbani wasije wakalitupa wakidhani ni dawa ya mtu.

Sasa kamera yenyewe. Hakikung'olewa kitu. Trip 35 ilitengenezwa tangu 1967 mpaka 1984, zikauzwa kwa mamilioni, na hakuna hata moja iliyokuwa na betri. Tazama lenzi: imezungukwa na duara la vioo vyenye vitone vitone kama jicho la nzi. Nyuma yake kuna seleni, ambayo ikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo. Umeme huo husukuma sindano, na sindano huchagua ukubwa wa tundu la lenzi na mwendo wa shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga. Miendo yenyewe ni miwili tu, sehemu ya 40 ya sekunde na sehemu ya 200. Na hicho chekundu si ugonjwa, ni kamera yakwambia mwanga hautoshi. Nadhani uliijaribu chumbani. Ukishautoa mkanda wa babu, weka pete ya lenzi kwenye A, kamera ijichagulie tundu, toka nayo uani, uvute kigurudumu cha nyuma na ubonyeze. Ikifyatuka juani, kisha ukiziba lenzi kwa kiganja ikakataa na kuonesha chekundu, basi i hai. Ikikataa hata juani, seleni imekufa. Hata hivyo usiitupe, waweza kuchagua namba ya tundu kwa mkono. Lakini ujue kwamba hapo shata hubaki kwenye sehemu ya 40 daima, kwa hiyo mkono usitetemeke.

Kagua na ukingo wa mgongo. Sponji nyeusi iliyozuia mwanga usiingie huoza ikawa kama lami, hunata vidoleni. Ikwangue kwa kijiti cha meno na spiriti ya dukani, kisha kwenye mfereji ule tandika uzi mweusi wa sufi, ule wa kufumia. Baba alifanya hivyo, na mimi hufanya hivyo. Tazama pia ndani ya lenzi ukielekea mbinguni. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, tunda la hewa yetu ya bahari. Nyuzi mbili tatu hazidhuru picha, ila kamera hiyo usiilaze pamoja na nyingine. Na usiifungie kabatini kwenye mkoba wa ngozi! Mkoba wa ngozi Mombasa ni shamba la kuvu. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja na viatu vipya.

Kulenga umbali si kazi. Kwenye lenzi kuna vipicha vinne: kichwa kimoja ni mita 1, watu wawili ni mita 1 na nusu, kundi ni mita 3, na mlima ni mbali kote. Huna futi? Kanga moja iliyokunjuliwa ni kama mita 1 na nusu kwa urefu, na doti ambayo haijakatwa ni kama mita 3. Itandaze sakafuni mara moja, simama huku na huku, macho yako yatashika. Mimi mpaka leo huwaona watu kwa kanga: yule yuko kanga moja, wale wako doti.

Jambo la mwisho, nalo limewaliza wengi. Ukitia mkanda mpya, ulimi wake uingize kwenye ufa wa roda ya kulia, uvute kidogo na uhakikishe meno yameingia kwenye matundu ya pande zote mbili, ndipo ufunge. Kisha kila ukivuta, tazama kile kimkono cha kushoto: lazima kizunguke chenyewe. Kisipozunguka, mkanda hautembei. Jirani yetu mmoja alipiga Idi nzima, watoto thelathini na sita wakiwa na nguo mpya, na ulimi wa mkanda ulikuwa haujashika. Mkanda ulitoka kwenye kamera kama ulivyoingia. Alikaa wiki akipita njia ya nyuma asikutane na wale akina mama.

*

"Bi Kiza, kwani simu haitoshi?" — Bila jina, Majengo

Yatosha kabisa. Risiti, mita ya stima, na kipele cha mjukuu cha kumwonesha daktari, vyote mimi hupiga kwa simu.

Ila juzi nilikuwa na picha saba zilizobaki kwenye mkanda, nikakaa Ndia Kuu saa nzima mbele ya mlango mmoja wa nakshi nikingoja mtu atoke. Akatoka kijana na ndoo. Sikupiga. Akatoka paka. Sikupiga. Akatoka ajuza mwenye kikapu, akaniuliza namngoja nani, tukazungumza mpaka alasiri, na kumbe alisomeshwa chuo na nyanya yangu. Kwa simu ningepiga mlango mara ishirini nikaenda zangu.

*

"Asalaam alaykum Bi Kiza. Binti yangu aolewa Mfungo Mosi inshallah. Siku ya kupamba simu zote tutazikusanya mlangoni kwenye kapu, maana harusi ya mpwa wangu picha zilizagaa WhatsApp kabla bibi harusi hajashuka jukwaani. Lakini mtoto alia, ataka kumbukumbu. Wifi yangu ana kamera ya zamani ya mkanda. Je, hiyo ina usalama?" — Mama wa Bibi Harusi, Kuze

Wa alaykum salaam mwenzangu, na Mungu atimize kheri. Kamera ya mkanda haina ulimi, haiwezi kusema na mtu. Umbeya wake huanza baadaye, mkanda unapoingia mikononi mwa wa kuusafisha. Hapo ndipo pa kuuliza.

Nikwambie tulivyokuwa tukifanya. Mombasa yetu ilikuwa na wapiga picha mashuhuri, N. V. Parekh akiwa mmoja wao, na wanawake wa mji walikwenda studio wakatoka kama nyota wa sinema za Kihindi. Lakini walikuwako ambao hawakutaka jicho la mwanamume, na hao ndio waliokuja kwetu baada ya Magharibi, kwa mlango wa uani. Mbele palikuwa pa baba. Nyuma ya pazia tulikuwa mama na mimi. Buibui lilitundikwa kwenye msumari, mama akapanga ushungi, saa ya mezani, maua ya plastiki na ile redio ambayo haikuwahi kusema. Mimi nilipiga, na mimi nilisafisha. Baba aliosha mikanda ya wanaume, hii ya wanawake hakuigusa, hata akiwa na kazi kidogo na mimi nimezidiwa.

Mteja alipokuja kuchukua, nilimfungulia bahasha mbele yake: negativu kumi na mbili, picha kumi na mbili. Alihesabu mwenyewe kwa kidole, zile negativu akiziinua moja moja kwenye taa, uso wake mweupe na nywele zake nyeupe humo ndani kama jini. Wengine walihesabu mara mbili. Studio hakikubaki kitu. Hata picha iliyoharibika kwa kuchezacheza ilikwenda naye.

Siku hizi mkanda ukiupeleka kwa msafishaji, hukusafishia, kisha hukupigia skani, na skani zile hukaa kwenye kompyuta yake na kukujia kwa intaneti. Simsemi mtu vibaya, ndivyo kazi ilivyo sasa. Lakini kwa harusi yako, tumerudi pale pale tulipokimbia. Kwa hiyo nakushauri mkanda wa nyeusi na nyeupe, wa kasi ya 400 (kasi ndiyo wepesi wake wa kushika mwanga), usafishwe nyumbani na mwanamke mwenye kujua, au mwenye kutaka kujua na muda wa kufanya mazoezi. Mna mabinti wangapi wa chuo kikuu katika ukoo huo? Mmoja apewe kazi hii tangu leo, aanze na mkanda wa majaribio wa paka na masufuria. Asianze na jukwaa.

Kusafisha nyeusi na nyeupe si uchawi. Wahitaji tangi la kusafishia lenye kifuniko, mfuko mweusi wa kuingiza mikono (au choo kisicho na dirisha, usiku, na tambara chini ya mlango), dawa ya kuotesha picha, dawa ya kugandisha, kipimajoto na saa. Mkanda wenyewe hautaki taa yoyote, hata nyekundu. Ile taa nyekundu mnayoiona kwenye sinema ni ya karatasi, si ya mkanda. Ukishaingia kwenye tangi na kifuniko kikafungwa, washa taa zote, kaa jikoni, fanya kazi kwa raha.

Matatizo ya Mombasa ni mawili, nayo vitabu vya watu wa baridi havikutajii. La kwanza ni joto. Dawa hupimwa kwa nyuzi 20, na maji ya bomba letu mchana hukaribia 30. Usisafishe hivyo. Mkanda utakuwa mweusi mno, na utando wake utalainika kama malai. Tia chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu mpaka zishuke. Mimi husafisha kwa nyuzi 24 kwa sababu 20 hazikai, dakika mbili tu zimepanda. Ukipanda joto, punguza muda: mkanda wa HP5, ule wa nyeusi na nyeupe wa kasi ya 400, ndani ya dawa ya kuotesha ya D-76 isiyozimuliwa hutaka dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20, kwa 24 ni dakika 5 na kidogo. Usishuke chini ya dakika 5, dawa haitapata nafasi ya kuenea sawasawa. Tena maji yote, mpaka ya kusuuzia, yawe na joto la kukaribiana. Ukiutoa mkanda kwenye baridi ukautupa kwenye moto, utando hukunjamana na picha huwa kama tope la mtoni lililokauka.

La pili ni chumvi. Nyumba nyingi twatumia maji ya kisima, na mkanda uliosuuzwa kwa maji hayo hukauka na madoa meupe usoni mwa bibi harusi. Suuza vyema, kisha mara ya mwisho utie kwenye maji ya betri. Nasema maji, si asidi! Yale safi ya kuongezea, yauzwayo kwenye kituo cha petroli. Ongeza tone moja tu la sabuni ya vyombo, utundike bafuni na kibanio cha nguo chini kiuvute kwa uzito wake, na asiingie mtu hapo mpaka asubuhi. Feni izimwe. Feni huleta vumbi, na vumbi likigandia halitoki.

Kuhusu kupiga, wifi yako ajue kwamba ukumbini usiku kamera nyepesi haioni kitu bila flashi, hata taa za jukwaa ziwake vipi. Flashi ina namba yake ya nguvu. Tuseme ni 20 kwa mkanda wa 100. Kwa mkanda wa 400 hiyo ni 40. Gawanya kwa mita: bibi harusi akiwa doti moja mbali, yaani mita 3, wapata 13, basi weka tundu la 11, lililo pana kidogo (namba ikishuka, tundu hupanuka). Akisogea mita 2, weka 16. Aandike kwa wino kwenye kiganja, pembeni ya hina. Na hina yenyewe katika nyeusi na nyeupe hutoka kijivu, lakini piko hutoka nyeusi tiii. Kama binti ataka maua ya mkononi yaonekane, somo na amchore piko.

Mikanda miwili, picha 72, yatosha. Mpigaji awe mmoja, asimame mbele na watu wote wajulishwe ni yeye peke yake. Asiyetaka kupigwa akae mkono wa kushoto wa ukumbi, na upande ule kamera isielekezwe kabisa. Hilo la upande wa kushoto nimelitumia katika harusi nyingi, na sijapata lawama. Picha zenyewe za kushikwa mkononi, kama hamna mashine ya kukuzia, zaweza kuchapishwa kwa kulaza negativu juu ya karatasi ya picha na kuwasha taa nyeupe kwa nukta chache. Kwa mkanda wa kawaida hutoka ndogo, kama stempu. Mkipata kamera ya mkanda mpana wa 120 hutoka sentimita 6 kwa 6, picha kumi na mbili kila mkanda, na hiyo yaingia vizuri kwenye pochi. Negativu zikabidhiwe bibi harusi mwenyewe, zihesabiwe mbele yake. Si mama, si wifi. Yeye.

*

"Shikamoo Bi Kiza. Nina Zenit, nimenunua kwa rafiki. Mkanda wangu wa kwanza nilipiga ufuoni Shelly siku ya Idi, saa sita mchana, ndugu zangu wote kanzu nyeupe. Kipimo cha mwanga nilikifuata sawasawa. Kanzu zimetoka safi lakini nyuso ni nyeusi, hata mama hawatambui. Nimekosea wapi?" — Kijana wa Mtongwe

Marahaba mwanangu. Hukukosea sana, ila umemwamini mpima asiyejua kanzu. Kipimo cha kamera hudhani dunia nzima ni ya kijivu. Kikionyeshwa mchanga mweupe, kanzu nyeupe na bahari inayometa, hushtuka kikasema mwanga umezidi, kikakufanya ufunge tundu, na wanaolipa ni watu wenye nyuso. Tena mchanga wa Shelly saa sita! Jua la hapa petu mwezi wa 3 na mwezi wa 10 hufika utosini kabisa, kivuli cha mtu chaingia chini ya viatu vyake. Paji la uso hutupa kiza machoni, na pua hutupa kiza mdomoni.

Isitoshe, mikanda ya rangi yenyewe haikuanza kwa kutufikiria sisi. Kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, wenyewe wakiita kadi ya Shirley. Mikanda ya leo ni bora zaidi, lakini mazoea ya kupima kwa ngozi nyeupe yamebaki katika vitabu vingi. Sisi twapima kwa ngozi yetu.

Fanya hivi. Kariri kwanza kanuni ya jua kali: tundu la 16, na shata iwe karibu na kasi ya mkanda. Mkanda wa 200, shata ya 250. Hiyo ni ya majumba, ngalawa, na Ngome ya Yesu ikipigwa na jua. Kwa nyuso usikae juani. Wapeleke ndugu zako chini ya mkungu au barazani, mahali penye kivuli lakini wanaona mbingu, shata iache 250 na ufungue tundu mpaka 5.6. Kama wataka kutumia kipimo, kisogeze karibu na kiganja chako katika mwanga ule ule walimo wao, usome, kisha ufungue tundu hatua moja zaidi, yaani mwanga mara mbili, maana kiganja ni cheupe kuliko uso. Ukiwa na shaka, zidisha mwanga. Mkanda wa negativu husamehe mwanga mwingi, kiza hausamehe. Kanzu itapoteza mikunjo yake miwili mitatu, nani alia?

Mtihani mkubwa kuliko huo ni mume wa kanzu nyeupe na mke wa buibui jeusi katika picha moja. Watu huniuliza nifuate lipi. Wala hili wala lile. Fuata uso, nguo zitajijua.

Na saa. Amka. Tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu asubuhi jua latoka baharini, liko chini, la rangi ya chai ya maziwa. Alasiri rudi saa kumi. Ukisimama Mama Ngina wakati huo jua liko nyuma yako, na uso wa anayeitazama kamera waangazwa bila yeye kukunja macho. Adhuhuri kaa ndani ule, au ingia vichochoro vya Mji wa Kale. Mle jua haliteremki mpaka chini, hupiga ukuta wa juu mweupe kisha likakushukia laini.

*

Ya haraka haraka:

Wa Changamwe aliyepewa mikanda iliyokwisha muda 2009: mafundi huongeza hatua moja ya mwanga kwa kila miaka kumi. Yako ilikaa wapi? Kama kwenye friji, hatua moja yatosha. Kama kwenye gari, pigia paka.

Wa Bamburi anayesafiri na treni ya SGR: stesheni ya Miritini mizigo hunuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine ya eksirei. Mbwa hana neno na mkanda. Mashine za kawaida za namna hiyo haziudhuru mkanda wa chini ya 800 kwa safari moja mbili. Za kuogopa ni zile skana mpya za viwanja vya ndege vikubwa zinazomzunguka mzigo. Huko itie mikanda yako kwenye mfuko unaoonekana ndani, uombe kwa adabu ikaguliwe kwa mkono.

Wa Ganjoni anayetaka kupiga watu wakimiminika kutoka feri: kivukoni kamera usiitoe, kumekatazwa, na bandarini ni hivyo hivyo. Askari akikufungulia mgongo wa kamera, mkanda wote umekwenda. Vuka kwanza, uende mbele, ukamwombe muuza madafu.

Na wawili walioniuliza, mmoja kwa kejeli, kama mibuyu yangu ya Mama Ngina ilitoka vizuri: sijui bado. Mkanda ungali ndani ya kamera, umefika 31. Mibuyu nilipiga mara tatu tu, nyingi zilikwenda kwa muuza mihogo na wateja wake. Ijumaa aliniuliza kama yake imetoka, nikamwambia zimebaki tano.